Wageni Elfu Ishirini na Mbili

Jumatatu, 9 Machi

Shajara mpya. Ile ya zamani mke wangu ameisoma, akacheka kwenye kurasa ambazo hazikuwa za kuchekesha. Hii itakaa ofisini.

Niandike cheo changu kwanza, ili atakayeisoma siku nikiwa sipo ajue ameshika maandishi ya nani. Mimi ni Mtunza Tovuti wa Ofisi ya Mazishi. Mtu akifariki, familia inakuja dirishani, inapewa siku, saa na namba ya kaburi. Mimi naviweka kwenye tovuti. Ndugu wa karibu na wa mbali wanafungua simu, wanajua waende wapi na saa ngapi. Ni kazi nzito. Sichekicheki kazini.

Mpinzani wangu ni Mama Ubao. Kwa miaka ishirini na sita ameandika matangazo yale yale kwa kalamu ya wino mzito na kuyabana kwa pini nne kwenye ubao ulio nje ya lango. Mwandiko mkubwa mno! Hata aliyesahau miwani anasoma akiwa ng'ambo ya barabara. Halafu ana tabia ya kuwapigia simu ndugu walio mbali, mmoja mmoja, kwa sauti ya upole. Hakuna aliyemtuma.

Leo Mkuu ametuita wote wawili. Amesema kazi ni moja na watu ni wawili, na jambo hilo haliwezi kuendelea. Jumatatu ijayo ataangalia tovuti imepata wageni wangapi. Wakiwa wengi, Mama Ubao atahamia stoo ya majembe. Wakiwa wachache, nitahamia mimi. Nimeuliza wangapi ndio wengi. Amesema akiwaona atawajua.

Nimekwenda kuangalia namba. Kumi na wanane. Kwa wiki nzima! Na sita kati yao ni mimi.

Nimekaa nikafikiri mpaka chai ikapoa. Ndipo nikapata. Nimeongeza mstari mmoja tu ndani ya tovuti: kila baada ya sekunde tano ukurasa unarudi mwanzo na kufunguka upya, wenyewe, bila mtu kugusa kitu. Kila ukifunguka, anahesabiwa mgeni. Mtu mmoja akikaa dakika moja, ni wageni kumi na wawili. Sijamdanganya mtu yeyote. Nimewasaidia tu kurudi.

Nimeongeza na heshima kidogo. Matangazo yote sasa yako ndani ya picha moja kubwa yenye fremu nyeusi na maua pembeni. Juu kabisa nimeweka sura yangu, nina tai, nimeinamisha kichwa kwa majonzi. Marehemu wanafuata chini yangu.

Jumanne, 10 Machi

Ushindi! Nimefungua tovuti kwenye kompyuta yangu tangu asubuhi na kuiacha wazi. Hadi saa kumi jioni wageni walikuwa elfu sita. Nimepita mbele ya meza ya Mama Ubao mara tatu, polepole, nikiwa nimeshika karatasi yenye namba hiyo. Alikuwa anachonga penseli. Hakuinua kichwa.

Dosari ndogo. Mwanamume mmoja alikuja dirishani, amekasirika. Amesema tangu alfajiri anafungua tovuti yetu kwenye simu. Zinatokea nywele, kisha paji la uso, kisha skrini inakuwa nyeupe, kisha nywele tena. Akauliza huyo marehemu mwenye kipara kinachoanza amefariki lini, maana anaonekana ndiye pekee aliyetangazwa. Nimemjibu kwa ufupi kwamba simu yake ni mbovu. Akasema ni mpya. Nikafunga dirisha.

Halafu akaja mama mmoja na shada la maua. Yeye alikwenda makaburi ya upande wa pili wa mji, akasimama huko saa nzima pamoja na msiba wa watu wengine. Amesema nao walimpokea vizuri. Hakulalamika. Alitaka tu kujua shada lake aliweke wapi sasa.

Basi nimeshughulikia tatizo, maana mtaalamu halali. Tovuti ni nzito nje ya ofisi, hapa ndani ni nyepesi. Kwa hiyo kosa liko njiani. Nimechomoa kebo, nimeipuliza, nimeichomeka. Nimekipandisha kile kisanduku cha mtandao juu ya kabati ili mawimbi yasizuiwe na viti. Nimefuta barua za zamani kwenye kompyuta ili ipumue. Bado.

Ndipo nikaona kitu. Birika la umeme la Mama Ubao limechomekwa kwenye soketi moja na kisanduku cha mtandao! Nimelichomoa na kubandika onyo. Nimemweleza kwamba kila anapochemsha chai yake, mfiwa mmoja mahali fulani anakosa mazishi. Amenitazama, akasema hakujua, akasema pole. Kisha akanywa maji ya bomba siku nzima bila kunung'unika. Huo nao ni ujanja.

Nyumbani mke wangu amesema nimwite mdogo wake, Shemeji, ambaye ana kibanda cha kutengeneza kompyuta. Nimekataa katakata. Mwaka jana, mbele ya ukoo mzima, Shemeji alichukua simu yangu iliyoharibika, akaitazama, akasema haijaharibika, imezimwa. Jambo kama hilo mtu unamwambia mwenzio pembeni.

Jumatano, 11 Machi

Baba Mkubwa amefariki leo alfajiri.

Ni kaka yake marehemu baba yangu. Alinichukua nikiwa na miaka tisa. Viatu vyangu vya kwanza vya kamba alininunulia yeye, na siku ya kwanza ya shule alipiga goti sakafuni kunifunga, seremala mzima mwenye goti bovu, akinung'unika kwamba kamba za siku hizi ni fupi. Nimelia bafuni nikiwa nimefungulia maji ili watoto wasisikie. Walisikia.

Mazishi yatakuwa keshokutwa, Ijumaa, saa kumi jioni. Kibali nimekiandika mimi mwenyewe.

Ndugu walipoanza kugawana nani ampigie nani simu, nilisimama. Nimewaambia familia hii ina bahati ya pekee. Ina Mtunza Tovuti. Hakuna haja ya simu za hapa na pale, ambazo kila anayepokea anaongeza chumvi. Kila kitu kitakuwa kwenye tovuti, na saa ikibadilika itabadilika huko huko. Shangazi amenitazama kwa muda mrefu. Kisha akaomba apewe maji.

Mchana akapiga Baba Mdogo, mdogo wao wa mwisho, kutoka huko mbali anakoishi. Yeye na Baba Mkubwa hawakuzungumza kwa miaka kumi na tisa. Walikosana siku ya harusi yangu, juu ya nani akae kwenye kiti cha baba wa bwana harusi, kwa kuwa baba hayupo. Baba Mkubwa alikaa. Baba Mdogo aliondoka kabla ya chakula. Basi, kimya, miaka yote hiyo, mtu na kaka yake.

Nimemwamkia, akaitikia kwa shida. Akasema, "Mwanangu, sina maneno mengi. Nataka nimtie udongo kwa mkono wangu mwenyewe, angalau hilo. Niambie saa tu."

Nimemwambia ni Ijumaa saa kumi jioni, ila asishike maneno yangu, ashike tovuti. Nimemsomea anwani yake herufi moja moja. Aliandika. Nilisikia kalamu. Akauliza kama mzee wa umri wake ataweza. Nimemhakikishia kwamba hata mtoto wa chekechea anaiweza.

Wageni hadi jioni: elfu kumi na moja mia nne. Hata katika huzuni, namba inapanda.

Alhamisi, 12 Machi

Saa imebadilika. Kesho jioni kuna mazishi ya mtu mkubwa, magari mengi, lango litafungwa. Mkuu ametuomba sisi tuzike saa nne asubuhi. Nimekubali kwa niaba ya ukoo. Saa tatu juu ya alama nilikuwa nimeshabadilisha kwenye tovuti.

Mama Ubao akaja mezani kwangu. Hajawahi kuja. Akanipa pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akauliza kama nimempigia baba yangu mdogo. Basi la kutoka kwao linachukua saa saba. Akipanda la leo saa saba mchana, atawahi. Akingoja la kesho asubuhi, atafika saa nane, tumeshazika. Akasema, "Kaka, mpigie mzee. Leo usiitegemee mashine."

Nimeuona mtego hapo hapo. Mtunza Tovuti akimpigia simu baba yake mdogo, ni sawa na mpishi kwenda kula kwa jirani. Habari ingemfikia Mkuu kabla ya saa sita. Nimemjibu kwamba hili ndilo jaribio hasa: ndugu yangu wa damu atapata habari ya msiba wake kwa tovuti, kama raia mwingine yeyote, na Jumatatu nitalitaja kwa Mkuu. Akaomba basi nimpe namba, apige yeye. Nimemwambia namba za familia si za ofisi.

Akaenda kuandika tangazo la Baba Mkubwa. Sikumwomba. Alitumia karatasi mpya.

Saa nne ikaja barua kutoka kampuni inayotunza tovuti yetu. Inasema ukurasa wetu unaomba kufunguliwa mara nyingi kupita kiasi, na wanauliza kama kuna kitu tumekiongeza hivi karibuni. Mafanikio yetu yamefika mpaka kwao! Nimewajibu kwa unyenyekevu kwamba ni juhudi tu.

Sasa jambo lililonitoa machozi. Orodha ya wageni inaonyesha kila simu imetoka wilaya gani. Kuanzia saa tano hadi saa sita, simu moja kutoka wilaya ya Baba Mdogo imefungua ukurasa mara mia saba na kumi. Mia saba na kumi! Huko hatuna ndugu mwingine. Mzee yule anasoma tangazo la kaka yake tena na tena, hawezi kuliacha. Miaka kumi na tisa ya kiburi imeyeyuka mbele ya kazi ya mikono yangu.

Saa sita kasorobo alinipigia mara mbili. Bila shaka ni kushukuru. Sikupokea. Ningepokea, ningejikuta nimetaja saa, na jaribio lote lingeharibika. Kisha ghafla simu yake ikatoweka kwenye orodha. Ametosheka, nikafikiri. Amekwenda kuwahi basi.

Mke wangu ameuliza mara mbili kama Baba Mdogo ana habari. Nimemwambia ana habari mara mia saba na kumi. Amesema hilo si jibu. Nimemwambia ndiyo, anayo.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika hii kwa tabu.

Watu walikuwa wengi. Moyo wangu ulipanda nilipoona umati, na nikamwuliza jirani mmoja, kwa sauti ya chini, saa mpya aliijuaje. Ubaoni. Wa pili: ubaoni. Wa tatu alisema mama mmoja mpole alimpigia simu. Sikuuliza wa nne.

Baba Mdogo hakuwepo. Shangazi alimwachia nafasi pembeni yake, akawa anaishikilia kwa mkoba. Nimewaambia yuko njiani, nina ushahidi. Tukangoja dakika kumi. Tukangoja ishirini. Wachimba kaburi walikuwa wameegemea majembe, wanatazama chini kwa adabu, lakini watu walikuwa wanaanza kutazamana. Mke wangu alinitazama mimi. Mwishowe Shangazi aliinua mkoba wake, akasema tuendelee, marehemu asisimamishwe.

Nilitupa udongo wangu. Ulikuwa na majimaji, ukanibaki viganjani. Nilimkumbuka akinifunga kamba za viatu. Shemeji alinishika bega. Sikumkataza.

Saa nane na robo, Baba Mdogo akaingia langoni. Peke yake. Koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mkononi ana mfuko mdogo. Alimwuliza Mama Ubao watu wamekusanyikia wapi, yeye amewahi. Amewahi karibu saa mbili nzima kabla ya saa kumi, alisema, hakutaka kuchelewa safari hii. Mama Ubao alitoka nyuma ya dirisha, akamshika mkono, akamleta mpaka kaburini.

Mimi nilikuwa nimebaki pale nikipanga mashada. Nilimwona anakuja na nikatamani niwe mmoja wa wale walio chini.

Hakupiga kelele. Alilitazama kaburi lililokwisha kufukiwa. Akaweka mfuko chini, akainama, akachota udongo, akauweka juu ya kaburi. Ukaporomoka. Akauchota tena, akauweka na kuukandamiza kwa kiganja. Akafanya hivyo mara nyingi. Nilihesabu hadi tisa kisha nikaacha, kwa sababu nilijiona ninahesabu.

Baadaye akaniuliza, kwa upole, mimi! Akasema, "Nilikaa na ile simu jana saa nzima mpaka chaji ikaisha. Naona nywele, naona paji la uso, halafu inapotea. Nikakupigia ukawa una shughuli, na ilikuwa haki yako, una msiba. Hivi ni macho yangu, mwanangu?"

Hapa ndipo mtu angesema ukweli. Niliufungua mdomo kabisa. Nikamwambia inawezekana ni macho. Umri, Baba Mdogo. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo, amekuwa akiyashuku.

Wageni hadi leo: elfu ishirini na mbili. Nimeitazama namba hiyo na kwa mara ya kwanza haikunifurahisha. Ilinifurahisha kidogo.

Jumamosi, 14 Machi

Mke wangu amemleta Shemeji mpaka ofisini bila kuniuliza. Leo si siku ya kazi, lakini funguo anajua ninapoziweka.

Shemeji hakupuliza kebo. Hakupanda kwenye kabati. Alikaa, akafungua yaliyo nyuma ya ukurasa, akateremka taratibu kwa kidole. Dakika tatu. Kisha akasimama kwenye mstari mmoja na kuniuliza huu ameuweka nani. Nimemwambia labda ni kampuni. Akasema umeandikwa Jumatatu, saa kumi, kutoka kompyuta hii hii. Nikasema basi labda ni Mama Ubao. Mke wangu akavuta pumzi kwa nguvu. Nikasema ni mimi.

Akanieleza kana kwamba mimi ni mteja. Ile picha yangu kubwa, yenye fremu na maua na marehemu wote, inashuka kwenye simu kutoka juu kwenda chini. Penye mtandao mzuri, kama hapa, ni sekunde tatu. Penye mtandao dhaifu ni sekunde tisa. Ikifika ya tano, mstari wangu unaiamuru ianze upya. Kwa hiyo mtu wa mbali hawezi kufika chini, hata akikaa wiki. Wote wameishia kwenye paji la uso wangu. Na wale wageni mia saba na kumi si mtu anayesoma. Ni mtu aliyeshindwa kusoma, mara mia saba na kumi.

Mke wangu akatoka nje, akakaa kwenye ngazi.

Shemeji ameufuta mstari. Ameitoa picha, ameweka maandishi matupu, jina, siku, saa, namba ya kaburi. Amejaribu kwa simu ya zamani ya vitufe aliyoitoa mfukoni. Ikafunguka kabla sijakohoa. Mbaya kutazama, lakini ikafunguka. Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Nimeona haya. Naandika wazi ili isije ikasemwa sikuandika: nimeona haya mpaka masikio yakawaka. Nilimwachia mzee alaumu macho yake. Nimemwapia mke wangu, nikiwa nimesimama, kwamba sitarudia kamwe, na kwamba nitamwambia Baba Mdogo ukweli siku itakapofaa. Birika nimelirudisha kwenye soketi. Onyo nimelibandua, limeondoka na rangi ya ukuta.

Jumatatu, 16 Machi

Siku ya hukumu. Mkuu amekuja, akasoma namba: elfu ishirini na mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Akasema mji mzima haufi kwa kasi hiyo. Nimemwambia wanaozika ni wengi kuliko wanaozikwa. Ameipenda hiyo. Ameiandika!

Kisha akaona kitu. Tangu Jumamosi wageni wamekuwa arobaini na watatu tu. Akauliza kumetokea nini. Nimesema nilikuwa msibani. Akanipa pole na muda mpaka mwisho wa mwezi. Anataka aone namba ikipanda kama mwanzo. Isipopanda, stoo ya majembe.

Nikatazama ukurasa wa Shemeji. Maandishi matupu. Mtu anafungua, anapata saa, anafunga, anaondoka. Mara moja! Hakai hata kidogo. Huduma gani hiyo isiyomfanya mtu arudi?

Jambo la pili, na ndilo kubwa. Jana mke wangu na Shangazi walikuwa wanakunja nguo za Baba Mkubwa. Ndani ya mfuko wa koti la kazini wamekuta karatasi iliyokunjwa mara nne, nje imeandikwa kwa penseli ya useremala, "Kwa mdogo wangu." Shangazi ameisoma na kulia. Mistari minne. Baba Mkubwa anamwomba Baba Mdogo radhi, waziwazi, bila kuzunguka. Sitainakili hapa. Ni maneno ya watu wawili.

Mke wangu alitaka apige simu saa ile ile amsomee mzee, kisha karatasi itumwe kwa basi. Nimeichukua kwa upole mkononi mwake. Nimemwambia nimemkosea mzee huyu, kwa hiyo deni hili nilipe mimi, kwa heshima inayostahili. Amenitazama kwa mashaka, lakini nilikuwa na machozi ya kweli, na aliyaona.

Amesema pia kwamba Baba Mdogo amekwenda kupimwa macho na amenunua miwani mipya. Nimefurahi kwa ajili yake. Katika umri ule ni vizuri kupima.

Jumatano, 18 Machi

Imekamilika! Siku mbili za kazi bila chakula cha mchana.

Nimemjengea Baba Mkubwa ukurasa wake mwenyewe. Juu kuna lango la makaburi, kisha mimi, bila tai safari hii, kwa unyenyekevu. Kisha Baba Mkubwa akiwa kijana, Baba Mkubwa akiwa na randa, Baba Mkubwa kwenye harusi yangu. Fremu nyeusi, maua pande zote nne. Ile mistari minne nimeipiga picha kama ilivyo, kwa penseli yake mwenyewe. Kwa kuwa ni maneno ya faragha, nimeyaweka chini kabisa.

Na kuhusu ule mstari. Nimetafakari sana alichosema Shemeji. Kosa langu lilikuwa hesabu, si wazo. Mtandao dhaifu unahitaji sekunde tisa, mimi nilitoa tano. Sasa nimetoa kumi. Sekunde nzima ya ziada! Kiapo changu kilihusu sekunde tano. Ukurasa huu ni mzito kidogo kuliko ule wa mwanzo, una picha sita badala ya moja, lakini nimeacha nafasi.

Asubuhi nimemwambia mke wangu ampigie Baba Mdogo, amjulishe kwamba kuna maneno yake kutoka kwa kaka yake, na mahali pa kuyapata. Mzee akaomba arudiwe anwani.

Wageni hadi saa nane mchana: elfu tatu na mia sita. Namba inapanda kama mwanzo. Mkuu amepita, ametazama, amenigusa bega. Na kwenye orodha, simu ile ya mbali, tangu saa tatu asubuhi, mara elfu moja mia moja na ishirini. Upendo wa ndugu ni kitu kikubwa.

Saa nane na nusu mke wangu akapiga hapa ofisini. Baba Mdogo amempigia tena, sauti imekauka. Anasema amekaa nayo tangu asubuhi, amemwona kaka yake alivyokuwa kijana, lakini hafiki chini. Anaomba mtu amsomee tu hayo maneno. Mke wangu naye anaomba. Karatasi iko hapa mezani mbele yangu, mistari minne, ingenichukua nusu dakika. Nimekataa. Tukianza kusomeana kwenye simu, tovuti itahesabu nini? Nimemwambia mke wangu amjibu mzee kwa upole, aendelee kufungua.